Kisu Nyuma ya Ukuta

Mchinjaji wetu wa zamani hakuwahi kunoa kisu mbele ya ng'ombe. Alikuja kunolea nyuma ya ukuta, hapa tunapooshea matumbo, akiimba kwa ile sauti yake mbovu ili mlio wa chuma usifike zizini. Tukimcheka, alisema, "Chekeni tu, dada zangu. Masikio ya ng'ombe yanayashinda yenu." Kisha alimwaga maji sakafuni mpaka damu ya aliyetangulia iishe kabisa, ndipo alipomwita mwingine kwa mluzi, kama anayemwita malishoni. Siku moja fahali aligoma kuingia, dereva wa lori akamsokota mkia. Mchinjaji alimshika mkono. "Mwache, ndugu yangu. Kumla tutamla. Kumtesa umetumwa na nani?" Akavua buti zake zilizonuka damu, akamwendea yule fahali pekupeku, akamkuna shingo kwa vidole vyake vilivyopinda mpaka pumzi zikatulia, wakaingia pamoja.

Siku hizi kisu kinanolewa mlangoni, ng'ombe wakitazama. Nami huku nyuma, kwa sauti mbovu kuliko yake, naimba.