Damu Nzuri ya Lamwaka

Lamwaka, mama yake Komakech, na Aciro, wake wawili wa Ocen, polisi mstaafu wa Kawempe, walikausha samaki kwa moshi kwenye tanuri moja ndani ya kibanda cha uani hadi mapafu yao yakaharibika. Walilazwa pamoja, wakaruhusiwa pamoja. Ila kabla ya kutoka walipimwa damu, na damu ndiyo iliyowatenganisha.

"Kipimo hiki kinatafuta dalili za uvimbe uliojificha mwilini, kama wa mapafu," muuguzi Tarcisio aliwaeleza. "Hakijui kila kitu, lakini kinatusaidia kukisia nani anaweza kurudi wodini upesi. Bi Aciro, kiwango chako kiko juu. Nitakuwa nakuja kukuona nyumbani. Mama Komakech, chako kiko chini, damu yako nzuri. Mshukuru Mungu."

Lamwaka alishukuru kwa mdomo tu.

Tarcisio alikuja kweli, kila wiki. Aciro akahamishiwa chumba chenye dirisha kubwa. Ocen, ambaye tangu aoe hakujua sufuria hukaa wapi, sasa alimpikia uji mke mdogo na kumpulizia upoe. Lamwaka alipouliza nani atakausha samaki, mume alishangaa.

"Si wewe? Damu yako nzuri."

Damu nzuri! Aliichukia, damu ile inayozunguka kimya kama mtumishi asiyelalamika. Alikionea wivu hata kikohozi cha Aciro: hicho kikisikika, mlango unafunguliwa. Chake kilikuwa kelele za uani tu.

Asubuhi moja, kabla muuguzi hajafika, aliwasha tanuri, akainamia kuni mbichi, akauvuta moshi. Nayo damu yake iharibike. Naye atembelewe.

"Mama Komakech, unafanya nini?" Aciro alikuwa mlangoni, kanga puani, amemwona akiuvuta moshi.

"Nakausha samaki. Rudi kwenye uji wako."

"Yaani unauonea wivu uji?" Aciro akaingia, akaketi kwenye kigoda, akikohoa. "Muuguzi yule akibisha hodi, naona amekuja kuniambia siku yangu ya kufa. Nakutazama ukifagia, natamani nikufyonze hiyo damu. Nawe unaichoma?"

"Toka, utakufa!"

"Tangulia wewe."

Midomo ya Aciro ilianza kuwa na rangi ya jivu. Lamwaka akanyakua ndoo, akaumwagia moto maji, samaki wakalowa wote. Wakajikokota nje wakihema.

Ocen alikuja mbio, akampita Lamwaka, akamwinua Aciro.

"Mshike mwenzangu kwanza," Aciro akamsukuma.

Ocen akageuka, akanyoosha mkono. Lamwaka akautazama mkono ule ulionyooshwa kwa kuagizwa, ukamuuma kuliko moshi. Akaushika hata hivyo, maana pumzi ilikuwa imemwishia.