Sikio la Roketi

Bomba la chuma lililokuwa mfereji wa paa letu hapa Mabanga, mtaa wa Goma, lilitoka kwenye roketi. Papa, baba yangu, alilisafirisha kwa treni, meli na lori kutoka mkoa wa Shaba, alikokuwa kibarua wa Wazungu waliokuja kujaribia roketi zao kwetu, kwa sababu kwao zingewaangukia watu wa maana. Watu wazima wenye miwani walifunga mabomba pamoja kama mzigo wa kuni, wakayawasha. Siku wakubwa wa nchi walipokuja kutazama, roketi ilipanda kidogo, ikainama, ikaangukia bondeni, na wakubwa wakapiga makofi kabla ya kuelewa. Baadaye Wazungu wakafunga virago. Walituachia saruji, vyuma, na sikio la kushoto la Papa lililokufa kwa mlio. Nyumbani tuliliita sikio la roketi.

Urithi gani huo? Nchi iliwahi kujivunia mtambo wa atomi Kinshasa na roketi Shaba, na mpaka leo maji ya Mabanga yanapanda kutoka ziwani ndani ya bidon za plastiki, juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Ya mvua yalipita kwenye bomba lile na kufika pipani yakiwa na ladha ya kutu. Niliyanywa huku nikiitukana sayansi yao yote.

Papa hakutukana. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: mtu aje amuulize habari za kazi ile. Hakuja mtu. Sisi watoto wake tuliichoka hadithi kabla hajaisimulia.

Na neno lenyewe likageuka vinywani mwetu. Goma ukisema roketi, hakuna anayetazama mwezini. Watu wanalala chini. Moja iliingia kwa jirani yetu, mama muuza makala, yaani mkaa, na hakubaki hata wa kumlilia.

Vita vilipotulia mtaani, ikapita timu ya kuokota mabomu na kipaza sauti chao: mwenye bomu au roketi kwenye parseli yake, kiwanjani kwake, aseme. Katika maneno yote hayo, sikio zima la Papa lilishika moja: roketi. Akavaa koti lake la misa, akawafuata barabarani.

"Chef, roketi iko kwangu," akasema. "Nimeichunga myaka yote. Nilikuwa nabangojea."

Mtaa mzima ulikimbia. Hata mimi, niliyejua ni bomba tu, nililala nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano, Papa amesimama uani, mikono nyuma, akingoja maswali. Mkuu wa timu akaingia kwa kunyata katika vazi lake zito, akatazama bomba la paani, akavua kofia, akacheka.

"Muzee, hii ni tiyo ya mvua."

"Ni roketi."

"Hii haiyaruka ata siku moya."

"Njo maana haikuua mutu," Papa akajibu.

Mkuu hakuuliza hata swali moja. Waliling'oa bomba kuhakikisha, wakalitupa kwenye matope, wakaondoka na ujuzi wao wa kila kinacholipuka na si kitu kingine.

Mvua ilikuwa inakuja. Papa akapanda kulirudisha. Nilishika ngazi upande wake wa kushoto, nimewachukia wale wa timu, na Wazungu, na bomba lenyewe. Nikamuuliza, kwa ukali, siku ile ya wakubwa roketi iliruka namna gani hasa.

Hakusikia. Kisha, sijui alihisi nini, akageuza kichwa na kunipa sikio zima.

"Uliza tena," akasema.