Risasi Mia za Afande Alois

Ungeuliza mtaani Mafiga ni nani anayezijua filamu za mapigano, wangekuonyesha mtu mmoja tu, Alois Mkude, ambaye watu wote walimwita Afande. Msidhani alizipenda. Alizivizia. Banda la video la Godfrey liko nyuma ya mashine ya kusaga, lina mabenchi sita na televisheni moja kubwa, na kila Jumapili baada ya misa Afande alikaa benchi la mbele na mkewe Devotha, anangoja mtu wa kwenye filamu akosee.

Na wanakosea, jamani!

"Godfrey, simamisha!"

Godfrey anabonyeza rimoti, picha inaganda. Afande anasimama, anawageukia watu. "Hiyo ni bastola. Nimehesabu, amepiga ishirini na sita na hajabadili magazini. Risasi zote hizo anazitoa wapi, kwa mjomba wake?" Banda zima linacheka. Anakaa, dakika kumi hazijapita, kasimama tena. "Simamisha! Mmemwona anavyong'oa pini ya bomu kwa meno? Jaribuni nyie, mtarudi nyumbani na pengo."

Watu walimsikiliza yeye kuliko DJ anayetafsiri filamu. Kwani alikuwa mwanajeshi kweli, kambini Ngerengere, miaka ishirini na miwili, kastaafu salama na heshima zake. Bunduki aliijua, hilo halina ubishi.

Basi akaja Mwinshehe. Huyu ni fundi pikipiki, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, kucha zake haziishi grisi. Alifungua gereji yake ng'ambo ya barabara, na Jumapili akaingia bandani akakaa benchi la nyuma. Jumapili ya kwanza alinyamaza. Ya pili, jambazi wa kwenye filamu alikuwa anatoroka na pikipiki, Mwinshehe akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Afande. Samahani wazee wangu, naomba isimame kidogo."

Na Godfrey akaisimamisha! Hata kumtazama Afande hakumtazama.

"Mmeusikia huo mlio?" Mwinshehe akauliza. "Toka aondoke pale sokoni amepandisha gia mara tisa. Mimi nafungua injini kila siku ya Mungu. Pikipiki ya gia tisa mmeiona wapi?"

Devotha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, akajifuta na pindo la kanga. Afande alimkodolea macho mkewe akijiuliza ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha namna ile. Hakukumbuka. Njiani kurudi nyumbani mama wa watu bado anacheka peke yake.

"Gia tisa! Baba Irene, gia tisa!"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Tusizungushane hapa, ulikuwa wivu. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili, mwenye wajukuu, anamwonea wivu fundi pikipiki. Devotha akivaa kanga mpya Jumapili, roho inamsokota: kamvalia nani? Akisikia "simamisha" isiyotoka mdomoni mwake, jasho linamtoka. Ikafika mahali akienda dukani anazunguka kwa nyuma asipite mbele ya gereji, maana akipita Mwinshehe atanyanyuka kwenye kigoda chake, atainama, atasema shikamoo mzee wangu. Hicho ndicho kilichomuua kabisa. Si bora angekuwa na dharau, ili mtu amchukie kwa raha zake?

Ikafika Jumapili ya tano. Filamu yenyewe ilikuwa ya yule mtu mmoja anayelimaliza jeshi zima msituni. Mwinshehe akaomba isimame, akawaonyesha tairi la lori lililopasuliwa kwa risasi, na lori lilelile darajani likiwa na matairi yote mazima, yamejaa upepo. Makofi. Devotha naye akapiga makofi, tena akasema kwa sauti, "Aisee, huyu kijana ana jicho!"

Afande akainuka kama aliyeng'atwa na siafu.

"Jicho la nini? Kuona matairi? Amewahi kupigana huyu? Mimi nimepigana!"

Habari hizo hakuna aliyewahi kuzisikia, na ukweli ni kwamba hata Afande mwenyewe alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza.

"Mpakani kule! Tuliviziwa. Wenzangu wote chini. Nikabaki peke yangu na SMG yangu, nikalala nyuma ya mti, nikaweka kidole, sikukitoa. Risasi mia! Mia na ishirini, mfululizo, mpaka wakakimbia wenyewe!"

Alisimama pale anahema, anangoja makofi. Hayakuja. Miaka sita alikuwa amewafundisha watu wale kuhesabu, na walikuwa wamehesabu.

"Afande," akauliza Mama Angelina, muuza mbaazi, bila ubaya wowote, "si ulisema magazini moja ni thelathini?"

"Na hajabadili!" mwingine akadakia.

"Godfrey, simamisha!" sauti nyingine ikatoka mlangoni, na hapo banda likalipuka. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mwinshehe tu ndiye hakucheka, aliinamia kucha zake. Na Devotha hakucheka. Alichukua mkoba wake akatoka nje.

Alois alimfuata, hatua kumi nyuma, mpaka nyumbani. Devotha akawasha mkaa, akainjika sufuria. Mume akasimama mlangoni.

"Haya, sema. Sema umeolewa na mwongo."

"Mimi niliolewa na mpishi," Devotha akasema. "Tulipeleka kabichi kambini kutoka Mgeta, mimi na marehemu baba. Nikakuta mwanamume anakoroga maharage ya watu mia nne, mwiko mrefu kuliko mimi, na anaimba. Nikasema ni huyuhuyu. Kwetu walinishangaa, sikujali."

Alois akaingia, akakaa kwenye kigoda.

"Miaka sita nakaa kwenye lile benchi nakungoja," akaendelea, macho kwenye moto. "Nasema leo atasimama awaambie kitu anachokijua yeye. Yule kijana anasema kazi yake, basi. Ndiyo maana nacheka. Unadhani namtaka?"

"Sasa ningesema nini?" Alois akauliza. "Filamu zile hazina jiko, Mama Irene."

"Si ndiyo hapo! Wanapigana msituni wiki nzima, hakuna anayekula hata kiazi. Na wewe mpishi umekaa pale mbele kabisa, hilo hukuliona."