Mume Wangu Ameziba Mrija wa Rejeta

Aliyetuletea kisa hiki ametuomba tufiche jina lake na mtaa wake, nasi tumeficha. Wasomeeni na wenzenu wasiojua kusoma, kisha mleteeni shauri kwa njia ya ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mzaliwa wa Amu, mke wa mfua shaba. Ufundi aliupata Siyu kwa wajomba zake, na mji mzima unajua kuwa chombo kilichotoka mkononi mwake hakivuji. Nampenda mume wangu, nalisema hilo mwanzo ili msije mkanishauri upuuzi. Ila hasira zake ziko karibu, na ulimi wake ni mwepesi wa talaka. Ameshaniacha mara mbili na kunirejea mara mbili, kwa mambo ambayo baadaye hata yeye aliyaonea haya. Imebaki moja, nanyi mnajua maana ya hiyo moja.

Huko bara, ng'ambo yetu, kuna Mzungu mwenye shamba la miti ya mpira. Ana motokaa ya mbio, fupi, isiyo na paa, na amefyeka njia iliyonyooka katikati ya miti apate kushindana na Mzungu mwenzake. Safari iliyopita alishindwa, kwa sababu maji yanayopoza mashine yalichemka yakamwagika, na motokaa ikasimama njiani inatoa mvuke. Basi akamletea mume wangu lile sanduku la maji, wao huliita rejeta, akamwomba amfulie jingine la shaba, kubwa zaidi na lenye mirija mingi zaidi.

Mume wangu alilifungua lile la zamani, akaligeuza na kulipekua. Juu, karibu na mdomo wa kutilia maji, akakuta mrija mwembamba unaoteremka hadi chini, na mwisho wake uko wazi. Akacheka, akaniita nije nitazame.

"Ndoo utezame. Mai yote yapotelea hapa. Alofanya kitu hiki hana haya."

Mjue kwamba huku kwetu maji ya mvua huwekwa birikani na kutumiwa kwa adabu mwaka mzima. Fundi anayetoa chombo kinachodondosha huchekwa hata na watoto. Kwa hiyo alipotengeneza sanduku jipya, ule mrija aliuweka palepale kwa ajili ya sura tu, na ndani akauziba kwa lehemu. Kifuniko akakivika ngozi, kikakaza. Akalijaza maji, akaliweka juu ya mkeka usiku kucha, na asubuhi mkeka ulikuwa mkavu. Alifurahi sana siku hiyo. Mimi niliutazama ule mrija uliozibwa, nikaogopa.

Sababu ni hii. Sisi wanawake wa nyumba yetu tunapika marashi ya mawaridi. Chungu hufunikwa, ukingo wake huzibwa kwa unga uliokandwa, na mvuke huachiwa njia moja tu, mrija unaoupeleka kwenye chupa. Siku moja maua yaliziba mrija wa shangazi yangu, naye alikuwa amejiinamia jikoni anachochea moto. Chungu hakikutoa hata sauti ya kutuonya. Kifuniko kiliruka, na uso wa shangazi yangu mpaka leo hatuutazami vizuri.

Nilingoja mume wangu ashibe, nikamwuliza kwa upole habari ya maji kuchemka. "Bwana, mai yakitemka yatatokea ndia gani?"

"Hayatoki. Ndiyo kazi nilopawa."

"Ule mrija huenda ni wa kutoa mvuke. Ufungue, nakuomba."

Akasukuma sahani. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. "Wataka nitoe chombo chenye kuvuya, niaibike Siyu na Amu? Sikiza. Ukimwambia mtu yeyote kuwa kazi yangu ina ila, una talaka yako ya tatu." Akanawa mikono, akatoka.

Sanduku likaenda bara. Mzungu aliligonga kwa vidole, akalisifu, akalifunga kwenye motokaa. Ameiendesha kutoka bandani mpaka langoni tu, na kwa mwendo huo mdogo maji hayakupata hata joto. Mbio zenyewe ni baada ya Idi. Na kwa kumheshimu fundi wake, Mzungu amemtaka mume wangu aketi ubavuni mwake siku hiyo, kifuniko kile kikiwa mbele ya nyuso zao. Mume wangu amekubali. Ameshonesha kanzu mpya, na kila anayepita barazani anaelezwa habari ya safari hiyo.

Nimejitia mgonjwa ili asiende, akaniletea mtu wa kunisomea, nikasomewa, nikalazimika kupona. Kwa kadhi siwezi kwenda, maana kumwuliza ni kumwambia. Mama mkwe vilevile. Nikilala nauota uso wa shangazi yangu, ila macho ni ya mume wangu. Asubuhi namtazama akinywa kahawa, mzima, ana nyodo, anaimba kidogo, nami nahesabu siku zilizobaki.

Ndugu wasomaji, sijui kama maandishi haya nayo ni kumwambia mtu. Kama ndivyo, nimekwisha kuachika tangu mstari niliotaja mrija, nami bado napika chakula chake na kulala chumbani mwake, na Mungu anaona. Kama sivyo, basi siri ingali kwangu, na Idi inakaribia.

Nipeni shauri, na mnipe upesi, meli ya barua isije ikachelewa. Eda naiona mbele yangu kwa vyovyote. Niambieni tu nikae ipi: ya mke aliyeachwa, niwe nasikia kikohozi chake akipita nje kwenda msikitini, au ile nyingine?