Mahindi Yaliyofukizwa Udi

Mahindi yaliyoloa mvua hunuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, na harufu hiyo ilijaa nyumbani kwetu juma zima nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tulikaa Mombasa, katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, katika nyumba ya mawe ya Bibi, mama yake baba, ambayo siku zote ilinuka asumini, kahawa na udi. Bibi alizaliwa mjini akakulia mjini. Nafaka aliijua ikiwa imeshapikwa, iko kwenye sinia, na alidhani kwa moyo mweupe kabisa kwamba mahindi huota ndani ya magunia. Mama yangu yeye alitoka Kwale, na magunia sita yaliyoletwa kwetu na mkokoteni, kwa sababu pikapu haikuweza kupenya kichochoroni, yalikuwa ya kaka yake, Mjomba Bakari.

Miaka yote Mjomba alikuwa akiuzia shambani. Dalali alikuja na gari lake na debe lake, debe lililogongwa kwa nyundo kutoka ndani mpaka likatuna tumbo, na hata hivyo alitaka lijazwe hadi kilima kisimame juu. Bei aliitaja dalali. Mjomba aliitikia tu, maana gari likiondoka lilikuwa halirudi, na wadudu hawamsubiri mtu apate mnunuzi mwingine. Msimu ule alikataa. Binti yake Mwanasha, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa ameitwa shule ya bweni, na Mjomba aliapa kwamba mahindi yale ndiyo yatakayompeleka, tena atayauza mwenyewe, Mombasa, kwa bei ya Mombasa. Akakodi pikapu. Kabla ya kuifikia lami ikazama kwenye tope, mvua isiyo ya wakati wake ikawashukia, na dereva hakuwa na turubai. Walipofika kwetu, Mjomba na Mwanasha walikuwa wametota, na magunia pia. Shule ilibakisha siku tisa kufunguliwa.

Mwenye duka la nafaka karibu na soko la Marikiti hakumfukuza. Alitia mahindi kiganja kimoja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, akatikisa, akamwonyesha Mjomba jinsi chumvi ilivyoganda kwenye kioo. Maana yake ni kwamba yana maji. Akamwambia ayaanike vizuri, arudi. Basi tukayaanika. Mikeka ilitandazwa uani, sebuleni, hata chumbani kwa Bibi, na mimi na Mwanasha tulipewa kazi ya kuyageuza kwa miguu, huku na huko, kutwa. Wingu likijitokeza tulipiga kelele, na nyumba nzima, pamoja na baba aliyekuwa ametoka kazini na tai yake shingoni, ilikimbilia uani kuzoa. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha isiyo na kiasi. Sikujua kwamba Mjomba, aliyekuwa akitafuna punje moja baada ya nyingine kusikiliza kama zinalia kwa ukavu, alikuwa hapati usingizi.

Siku ya sita punje zililia. Tukayarudisha kwenye magunia, na Mjomba akaenda kusali alasiri na kutafuta mkokoteni. Hapo ndipo Bibi alipoinama juu ya gunia, akanusa, akakunja uso. Harufu ya uvundo ilikuwa haijaisha yote. Kwetu kitu kikinuka uvundo dawa yake ni moja.

“Salma, n'letea chetezo,” aliniambia. “Nguo za harusi za mji huu nimezifukiza mimi. N'tashindwa na mahindi ya shemeji ya mwanangu?”

Nikaleta makaa, nikayapuliza mwenyewe. Alitia udi mzuri, ule aliouweka kwa ajili ya Idi, akafungua gunia moja moja, akaingiza moshi, akafunika kwa kanga, akafunga. Mwanasha alisimama mlangoni akitaka kusema neno, lakini alikuwa mgeni, na Bibi alikuwa Bibi. Mjomba aliporudi alipigwa na harufu tangu barazani. Alimshukuru Bibi kwa heshima zote, na usiku huo hakula.

Asubuhi nilifuatana nao hadi dukani. Chumvi haikuganda hata chembe. Mjomba alianza kutabasamu. Kisha mwenye duka akaingiza mkono hadi chini ya gunia, akautoa, akaunusa.

“Ndugu yangu, haya ni mahindi au ni bibi harusi?” aliuliza. Wapagazi wakaangua kicheko. “Nani atakula ugali wa udi? Nirudishiwe unga na mji mzima?”

Magunia yakarudi. Bibi alipoambiwa alisema, “Mimi ndiye niloharibu, na mimi ndiye nitakaetengeza.” Alikuwa hajapata kuuza kitu maishani mwake, kwa malezi yake mwanamke wa heshima hakai sokoni. Lakini alijaza mahindi kwenye sahani zake za kigeni, akazifunika kwa kawa, akatutuma mimi na Mwanasha nyumba hadi nyumba. Tuwaambie majirani ni kionjo, mahindi ya Kwale yanauzwa, wakiyataka ni kwa kibaba. Kosa lililofuata ni langu. Mtaani kwetu sahani iliyofunikwa ikiletwa mlangoni ni hidaya, haiwi kitu kingine, na mimi nilipofunguliwa mlango wa kwanza ulimi ulikataa kutaja bei. Nilisema tu, “Bibi awasalimu.” Mlango wa pili hivyo hivyo. Tuligawa gunia zima na zaidi bila kuuza hata kibaba, na kila nyumba Mwanasha aliulizwa ni mtoto wa nani, na shule yafunguliwa lini, akajibu alivyofunzwa kujibu wakubwa.

Na mtaani kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Jioni zilianza kurudi. Moja ilikuja na sabuni na mafuta ya nazi, nyingine na madaftari, nyingine na shuka mbili. Mama mmoja mshonaji alileta sare iliyokwisha shonwa, na mzee wa nyumba ya pili akatuma sanduku la bati la mwanawe. Karo ya muhula wa kwanza baba aliitoa. Bibi alilia kwa furaha. Mama alilia. Mimi nilijiona shujaa. Mjomba aliketi kando ya lile sanduku, akashika kifuniko chake, akamwambia Bibi taratibu, “Mama, Mungu awalipe nyote. Lakini mimi sikuja kuomba. Nilikuja kuuza.” Msimu uliofuata alirudi kwa dalali, na mahindi yaliyobaki tuliyala sisi, ugali wa udi, mpaka Ramadhani.

Mwanasha ni mwalimu sasa. Bibi tulishamzika. Barabara ya kwa Mjomba imetiwa lami, na simu humwambia kila asubuhi mahindi ni kiasi gani Mombasa. Dalali bado huja na gari lake, na bei bado huitaja yeye. Mwaka huu nilimpigia Mjomba nikamwambia namtumia pesa, aniwekee magunia mawili, bei yoyote atakayo. Akaniuliza:

“Salma, wataka kununua au wataka kunisaidia?”

Nilikaribia kusema uongo wa adabu, kisha nikaamua uwe kweli. “Nataka kununua, Mjomba.”

“Haya, sema bei yako.”

Nikataja. Akacheka kwa dharau, akaniambia kwa pesa hizo nikanunue pumba. Tulivutana karibu nusu saa. Nilimlilia hali, nikamtajia watoto, nikatishia kwenda kwa mwingine, naye akanitakia safari njema. Mwisho akataja bei yake, nikailipa yote, na usafiri ukawa juu yangu.