Sentensi Moja ya Ah Ma

Mwalimu Guek Huay amekuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kwa miaka ishirini, na bila kumsengenya naweza kusema sijawahi kuona mwanamke mwenye uhakika kama yeye. Alifundisha chekechea hapa hapa Bukit Mertajam, mji wetu wa Malaysia. Watoto walimfikia wakilia na kujikojolea, wakatoka wanasoma. Akina mama walimsikiliza kuliko daktari.

"Nyumba moja, lugha moja," aliwaambia. "Mkimchanganyia mtoto Kimandarini, Kimalei, Kiingereza, halafu na Kiteochew cha bibi yake, atabaki bubu."

Hata mimi nilimwamini, na mimi si mtu wa kuamini ovyo.

Kisha akamzaa Jia Wen, na Jia Wen akatimiza miaka miwili na nusu hajasema neno. Fikiria aibu hiyo, mwalimu mzima. Alitafuta wa kumlaumu na hakwenda mbali, kwa sababu nyumbani mwake alikuwemo Ah Ma, yaani Bibi, mama mzazi wa mumewe Kia Hong, aliyeshinda na mtoto kutwa nzima. Ah Ma alilea watoto sita huku akiuza mboga za chumvi sokoni, na alijua lugha moja tu, Kiteochew chake, Kichina cha wazee wetu. Nilikuwepo siku alipoambiwa. Nilikuwa nimerudisha bakuli.

"Mama, naomba usimwongeleshe mtoto," Guek Huay alisema.

"Nisimwongeleshe vipi? Nikae kama gogo?"

"Sisi ndio tumwongeleshe. Mtoto apate Kimandarini tu, mpaka aanze kusema."

"Kimandarini nikijulie wapi mimi?"

"Basi, mama, ndiyo maana nakuomba."

Ah Ma akanigeukia. "Sai Keow, umesikia? Sita nimewafundisha kusema, na wote midomo yao haifungi. Huyu ndiye ninayemharibu."

Kia Hong alikuwa mezani. Aliendelea kunywa uji wake wa wali bila kuinua macho, mwanamume mwenye mabega kama mlango. Ah Ma alimtazama, kisha akasema, "Haya." Alikubali kwa kuogopa. Hakutaka kuwa yeye aliyemfanya mjukuu wake bubu.

Jia Wen alianza kusema alipofika miaka mitatu, kwa Kimandarini, na akiwa na mitano alisoma chochote ulichomwekea. "Mmeona?" Guek Huay akawaambia akina mama. Mwanangu wa pili naye alianza kusema akiwa na miaka mitatu, katikati ya kelele za lugha nne, lakini nani aliniuliza?

Ukuta wetu ni mwembamba, hasa wa bafuni. Asubuhi, Mwalimu akishaondoka, nilisikia maji yakimwagwa, na chini ya maji sauti ndogo ya Ah Ma akimsemesha mtoto, ikienda mbio kama mtu anayekula kwa kuiba. Sikumwambia mtu. Mchana, viatu vya Guek Huay vilipogusa kizingiti, Jia Wen alikuwa akiweka kidole mdomoni na kutulia tuli.

"Ana adabu huyu," mama yake alisema. Nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Ah Ma alifariki Jia Wen akiwa na miaka sita. Hazikupita wiki nyingi, Guek Huay akaja kwangu mchana kweupe, uso umempauka.

"Dada, nikifungua mlango natoka kazini, nasikia mtu ananyamaza."

"Mtu akinyamaza hasikiki."

"Huyu anasikika. Kulikuwa na maneno, mimi nikiingia yanakatika. Na bafuni kunanuka mafuta ya kuchua ya Ah Ma. Nimesugua mara tatu."

Nilimwambia apumzike. Lakini usiniulize kama nilienda kuoga kwa amani siku ile.

Mwaka ulipotimia tukamwandalia Ah Ma chakula chake: bata wa soya, samaki mzima, chai, mboga za chumvi. Tuliwasha ubani mbele ya picha yake, na sisi wakubwa tukamwita aje ale, mmoja mmoja. Kisha Guek Huay akarusha sarafu mbili, zile zilizopakwa rangi nyekundu upande mmoja na kuachwa nyeupe upande wa pili, kuuliza kama Ah Ma amekula. Nyekundu moja na nyeupe moja ndiyo jibu la ndiyo, na kabla ya ndiyo hakuna mtu anayegusa chakula wala kuchoma karatasi za pesa anazotumiwa marehemu. Zikaanguka nyekundu mbili. Akarudia, nyeupe mbili. Akarudia mara saba. Mafuta ya bata yakaganda.

"Amekasirika," Kia Hong alisema.

"Hajaitwa na wote," nikasema. "Mjukuu hajamwita."

Guek Huay akamwinamia binti yake. "Mwite bibi aje ale."

"Kwa Kimandarini?"

"Hicho hakijui. Kwa lugha yake."

Nilimwona Guek Huay akitambua anachokidai, kwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alihakikisha hana hata neno moja la kumwitia bibi yake.

"Mengine nimeyasahau, imenibaki sentensi moja tu," Jia Wen akasema. "Sijui maana yake. Alikuwa akiisema kila akinilisha."

Akakunja mikono, akainama mbele ya picha, akasema kwa Kiteochew safi, kwa lafudhi ile ile ya zamani ya Ah Ma:

"Nyamaza, mama yako atasikia."

Sarafu zilimtoka Guek Huay mkononi. Hakuzirusha, zilimdondoka tu. Nyekundu moja, nyeupe moja.

"Amekula!" Jia Wen akaruka. "Mama, maana yake nini?"

"Maana yake," Guek Huay akasema, "maana yake, karibu ule, Ah Ma."

Tulioelewa tulikuwa watatu. Kia Hong akazoa karatasi zake akaenda uani kuzichoma. Mimi nikamtazama bata.

Tangu hapo, kila mwaka, mbele ya picha na kule makaburini, mtoto yule alimwita bibi yake kwa nguvu zote: Nyamaza, mama yako atasikia. Angesahihishwa na nani? Guek Huay alikonda. Kwa akina mama wa chekechea akaanza kusema, "Mwacheni bibi aongee na mtoto, hadhuru kitu," na mmoja akamjibu, "Mwalimu, kwangu ulimnyamazisha mama mkwe, leo unakuja na mengine?"

Mwisho akaanza kumfundisha Jia Wen Kiteochew. Maji, wali, mlango, njoo, kesho. Nilikaa nikisikiliza na nikaona.

"Kuna maneno unayaruka," nikamwambia.

"Akiyajua ataielewa ile sentensi, dada. Atanichukia."

"Basi utamfundisha lugha yenye matundu mpaka lini?"

Mwaka jana, alasiri moja, tulikuwa tunamenya vitunguu saumu sisi watatu. Jia Wen alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Mama, kusikia ni nini kwa Kiteochew?"

Guek Huay akaweka kisu chini. Alinitazama, na safari hii sikukwepa macho yake kama siku ile ya bata. Akamwambia. Kisha, bila kuulizwa, akamwambia na neno la kunyamaza.

Midomo ya mtoto ilicheza kidogo, ikiunganisha maneno. Akainuka, akaingia bafuni, akafunga mlango, na maji yakamwagika muda mrefu sana. Mama yake alikaa sakafuni nje ya mlango ule mpaka giza. Hakugonga.

Siku kumi baadaye ilikuwa kumbukumbu ya Ah Ma. Bata yupo, chai ipo, hata Kia Hong ameinua macho. Niliogopa mtoto angekataa kuita. Jia Wen akainama mbele ya picha na kusema polepole, kwa maneno aliyoyapanga mwenyewe:

"Ah Ma, sema. Mama anasikia."

Guek Huay alikuwa na sarafu mkononi na hakuzirusha. Tulisimama wanne tukisikiliza mpaka vijiti vya ubani vikaisha. Kisha Guek Huay akapiga magoti, akasema kwa Kiteochew, "Sema, mama," na akasubiri tena.