Yai la Riruta na Yai la Mombasa

Mwanasiti alihamia Riruta mwaka 1966, miezi mitatu baada ya kuolewa. Mumewe, Shee, alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini. Walipanga chumba kwenye ploti moja na Peres, mama wa Kimaragoli aliyefuga kuku nyuma ya nyumba na kuwauzia wapangaji mayai.

Kuchemsha yai alifundishwa na mamake huko Mombasa akiwa na miaka tisa. Maji yachemke kwanza, yai liingizwe kwa kijiko lisigonge chini, kisha asome sura ya Tabaraka polepole mpaka mwisho. Akimaliza, yai limeiva hadi ndani. Hakuwahi kuharibu hata moja.

Siku moja Shee alirudi kutoka kazini amenuna. Asubuhi alikuwa amebeba yai la chakula cha mchana. Alipolimenya dukani, kiini kikamwagika juu ya bafta nyeupe ya mteja.

"Siti, leo umenifedhehesha. Yai bichi!"

"Bichi? Nimelisomea Tabaraka nzima!"

"Basi umeisoma mbio."

Neno hilo lilimkaa. Kesho yake alimwomba Shee amwachie saa yake ya mkononi. Dakika nane kamili, muda uleule wa Tabaraka, yai laini. Akaacha jiko la makaa, akaazima stovu ya mafuta taa. Laini. Akajaribu maji ya mvua badala ya maji ya bomba. Laini vilevile. Waliyala yote, mpaka Shee akaomba maharagwe.

"Ni kuku wa huku," Shee akakata shauri. "Baridi imewaingia."

Ukuta ulikuwa wa mbao, na Peres alisikia. Alikuja mikono kiunoni.

"Mama, mayai yangu iko na makosa gani?"

"Sijasema yana makosa, dadangu. Nataka kujua tu. Wewe wachemsha kwa muda gani?"

Peres alifikiri. "Naweka, naenda kufua, narudi nikikumbuka."

Wiki nzima walisalimiana kwa shingo upande. Kisha Mwanasiti, akijiandaa kwenda kumwona mamake, akanunua mayai sita.

"Unapeleka wapi?" Peres aliuliza.

"Mombasa. Nikayachemshe huko."

"Kwani Mombasa hakuna kuku?" Peres alicheka hadi akakaa chini.

Mwanasiti aliyafunga ndani ya kopo kwa vumbi la mbao, na mawili yakapasuka kwenye gari la moshi. Manne yaliyobaki aliyatia alama ya mkaa, akayachemsha sufuria moja na manne ya mamake. Dakika nane, kwa saa ileile ya Shee. Alipoyakata kwa uzi, yote manane yalikuwa yameiva, viini vikavu kama unga.

"Mayai yameiva," mamake alisema. "Sasa washangaa nini?"

"Si kuku, mama! Si kuku!"

Aliporudi Riruta alianzia mlangoni kwa Peres. "Nimekuja kukuomba radhi. Kuku wako hawana kosa."

Ndani, mume wa Peres, Zedekiah, alikuwa anakula. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa na kupanga vifaa katika maabara ya shule moja. Alisikiliza habari yote, akaacha kutafuna.

"Mayai yaleyale? Dakika zilezile?"

Siku mbili baadaye, kwa ruhusa ya mwalimu, alileta kipimajoto kimefungwa kwenye taulo. Wote watatu wakainamia sufuria. Maji yalichemka kwa kishindo, na kipimo kikasimama kwenye tisini na nne.

"Ngojeni ipande," alisema Peres, akaongeza makaa. Hakikupanda.

"Kitabu kinasema mia," Zedekiah alisema. "Lakini hiyo ni kule baharini. Sisi tuko juu, hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji. Yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha."

"Yachemka, na bado si moto?"

"Ni moto. Lakini si wa Mombasa."

Mchana huo walijaribu dakika tisa, kumi, kumi na moja. La kumi na moja liliiva sawasawa, bila mviringo wa kijani unaozunguka kiini cha yai lililopitiliza motoni. Wakagundua pia kwamba yai lililotagwa asubuhi hiyo linang'ang'ania ganda, bali la wiki moja, likitumbukizwa kwenye maji baridi, linamenyeka lenyewe. Hilo Zedekiah hakujua sababu yake. Aliahidi kumuuliza mwalimu.

"Na huko juu zaidi, Kinangop?" Mwanasiti aliuliza. "Litachukua dakika ngapi?"

"Hapo sasa, mama, sijui."

Mwaka uliofuata Peres alikuwa anakwenda Kinangop kununua viazi, na Mwanasiti akaomba kumsindikiza. Walipofika, mwenye shamba aliwakaribisha chai, lakini Mwanasiti alikuwa tayari ameshasimama jikoni, yai mkononi, akiuliza kwa adabu kama anaweza kuazima sufuria.